Ndala Yangu Iliyobaki Ndani ya Jiwe

Ukipita kwetu Mapendo, hapa Goma, nitakuonyesha ndala yangu, halafu ndipo useme kama ninadanganya. Iko uani, karibu na pipa la maji, nusu nje, nusu ndani ya jiwe la volkano. Majirani wameivuta hadi wamechoka.

Yote yalianza na macho ya mama yangu. Hayasomi tena, kwa hiyo alipokuja kukaa kwangu nilimsomea riwaya kila jioni. Nilikuwa nimeinunua kwenye duka la mtandaoni, ikakaa ndani ya simu. Ilimhusu mjane mmoja mfanyabiashara na shofere wa lori aliyetaka kumuoa. Mama alikuwa ameshaamua: shofere hafai.

Ikafika jioni ya mwisho: kesho yake angepanda boti kurudi Bukavu kwa dada yangu, na ilibaki sura ya mwisho tu. Nikafungua simu. Kitabu hakuna! Badala yake kulikuwa na ujumbe: duka halina tena ruhusa ya kukiuza, limekiondoa kwa wote, hata sisi tuliokwisha kukinunua.

"Nani aliingia humu ndani?" mama akauliza.

"Hakuna mutu, mama. Ni duka limekichukua."

"Limepita mulango gani?"

Nilitoka uani kutafuta mtandao, simu nimeiinua juu. Giza lilikuwa linaingia. Juu ya ukuta wetu wa mawe alikuwa amekaa mzee mwenye koti jeusi, viatu vimejaa majivu. Niamini, lango lilikuwa limefungwa na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu.

"Mbona leo husomi?" akasema. "Unatuchelewesha."

"Muzee, wewe ni nani?"

"Jirani yako wa chini."

Sisi wa Goma tunajenga juu ya mawe yaliyofunika nyumba za wengine, hilo kila mtu analijua. Lakini nani anategemea kusalimiwa kutoka huko? Mzee akaeleza kwamba kabla ya moto wa mlima kushuka, alikuwa akikodisha riwaya papo hapo. Sasa kila jioni alinisikiliza kupitia sakafu.

Akatoa kitabu kwenye koti. Kilikuwa kilekile, ila cha karatasi, kingo zimekuwa za kahawia.

"Kiliungua kwa mutu fulani. Vikiungua, vinashuka kwetu. Lakini kule hakuna mwanga, nitasoma namna gani?"

Nikanyoosha mkono. Akakirudisha nyuma.

"Acha gaji kwanza. Kazi ni kazi."

Ndivyo walivyofanya wakodishaji wa zamani: unaacha kitu chako mpaka urudishe kitabu. Nilimpa ndala ya kushoto.

"Nani huyo?" mama akaita kutoka mlangoni.

"Mukodishaji wa vitabu."

"Iko na miguu?"

Nikaangalia. "Miwili, mama."

"Basi mukaribishe!"

Nilipogeuka, ukuta ulikuwa mtupu. Kitabu kilikuwa mkononi mwangu, cha moto kama mkate.

Nikasoma kwa sauti kubwa. Mjane akaolewa na shofere.

"Mujinga huyo mwanamuke!" mama akapiga kelele.

Chini ya sakafu tukasikia vishindo, kama mtu anayecheka huku akipiga meza.

"Na wewe wa chini, unamupenda shofere?"

Kishindo kimoja, kizito. Mama akacheka mpaka akashika mbavu.

Asubuhi niliikuta ndala pale unapopajua, nusu ndani ya jiwe. Nikataka kurudisha kitabu, lakini mama alikuwa amekifunga kwenye kikwembe chake, kitenge cha kujifunga kiunoni.

"Yeye iko na kiatu, mimi niko na kitabu. Hakuna maneno."

Akapanda boti nacho. Dada yangu anasema hakijawahi kupoa. Mama hukiweka magotini usiku wa baridi, na wanawake wa mtaa wanakiazima kwa zamu. Hakuna aliyekuja kukichukua.

Mimi je? Jioni ikifika, mzee anagonga sakafu. Anataka hadithi nyingine. Kwa hiyo nawe, ukinunua kitabu cha simu, kisome haraka, maana duka halitabisha hodi. Na ukikutana na mkodishaji mwenye majivu viatuni, mpe ndala iliyokatika. Mimi nilitoa mpya.