Ng'ombe Aliponikataa

Kabla sijaona mimi, ng'ombe aliona. Kwetu Endagikot ng'ombe wa maziwa analala ndani ya nyumba, upande wa pili wa ukuta mfupi wa fito, na sisi tunalala upande wa moto. Yule mwekundu nilimkamua tangu uzao wake wa kwanza. Asubuhi hiyo niliingia na kibuyu, nikamsemesha kwa lugha yetu kama siku zote, nikaweka kiganja ubavuni. Akageuza kichwa, akaninusa mkono mpaka kwenye kiwiko, akarudi nyuma hadi kamba ikakaza. Hakupiga teke. Aliniangalia tu, kama anavyoangalia mgeni aliyeingia bila hodi. Maziwa hakuachia hata tone.

Nikadhani anaumwa.

Waliohusika na yaliyonipata nitawataja, ila si kwa majina, maana wengine bado tunasali kanisa moja. Wa kwanza ni mume wangu. Alikuwa anapeleka vitunguu Katesh, na kila akirudi anasema wanawake wa kule wametakata, siyo nyie wa huku mnaofanana na magunia. Alisema huku anacheka, na mimi ndiyo kwanza nimetoka shambani kulima hivyo hivyo vitunguu vyake. Wa pili ni wifi yangu, dada yake huyo, aliyeleta kopo la kwanza la dawa ya kung'arisha ngozi. Wa tatu ni mwenye duka wa Katesh aliyekuwa anakoroga hiyo dawa nyuma ya pazia na kuijaza kwenye makopo yasiyo na maandishi. Nilimwona siku nilipofuata kopo lingine. Mikononi amevaa glavu ndefu mpaka viwikoni, mdomoni ananiambia, "Dada, hii haina shida. Hata mtoto anapaka."

Sasa, huku kwetu baridi inapasua ngozi. Tangu utoto tunapaka samli, halafu tunakaa karibu na moto mpaka iingie mwilini. Hata mafuta ya dukani hatuyapaki peke yake, tunayachanganya na samli. Wifi alijua hilo vizuri. Alikoroga kwa kijiti dawa yake ndani ya kibuyu changu cha samli, akaniambia nisogee motoni. Wale wa Katesh walipaka wakatembea kwenye upepo wao. Mimi kila jioni nilipaka nikajioka.

Nikatakata kweli. Kanisani wanawake walinishika mashavu wakaniuliza siri. Ila vifundo vya vidole vilikataa, vikabaki vyeusi, halafu vikazidi kuwa vyeusi, kama vidole vya mtu mwingine vimeshonewa kwenye mikono yangu. Mishipa ikatokeza chini ya ngozi, ya kijani. Na moto ukikolea palitoka harufu ya kitu kilichooza. Nilihamisha mafiga kutafuta panya aliyekufa. Sikumpata. Nikatoka nje kwenye ukungu kuvuta hewa, harufu ikatoka na mimi.

Mama mkwe wangu, macho yake yameliwa na moshi, haoni. Nilimpelekea uji, nikamwamkia shikamoo, akaitikia. Alipopokea kikombe alinishika mkono, hakuuachia. Alipitisha kidole gumba juu ya ngozi, taratibu, kwenda na kurudi.

"Mwanangu," akasema, "mkono huu umeshaoshwa."

Wifi alikuwepo, akacheka, akasema mama yake anaota mchana. Mimi sikucheka. Yule mama ameosha maiti za wanawake wengi wa kijiji chetu. Anajua ngozi inavyokuwa mtu akishalala.

Haikupita muda nikajikata na mundu nikikata majani ya ng'ombe, kidonda cha kawaida, juu kidogo ya kiganja. Kule zahanati nesi alitia sindano, akavuta uzi, ngozi ikachanika kama karatasi iliyolowa. Akajaribu pembeni, ikachanika tena. Akaweka sindano chini.

"Dada, unapaka nini?"

Nikamwambia samli.

"Samli haifanyi hivi," akasema. Akafunga bandeji tupu, akaniambia niache chochote nilichochanganya humo leo hii, nikae mbali na jua na moto, la sivyo kidonda hakitafunga na mkono nitaukosa.

Nikamwaga kibuyu chote shimoni. Masika yote kidonda kilikaa wazi, chekundu, hakitoi usaha wala hakifungi. Mwili ukaanza kuwaka. Mwanga wa mlangoni tu ulinichoma. Mume wangu akahamishia godoro lake kwa dada yake, akidai harufu. Wifi naye akatangaza kwamba nimerogwa, na mchawi ni mama mkwe wangu, yaani mama yake mzazi, kwa ile kauli ya mkono. Kopo lake hakulitaja popote.

Kwa kuwa moto sikuweza kuusogelea, nilihamia upande wa ng'ombe. Nilitandika majani nikalala chini ya pua yake. Mwanzoni alisimama kwenye kona, nasikia pumzi yake tu, anavuta, anasita, anavuta. Nilijua ananitafuta na hanipati. Nilikuwa najinusa mwenyewe gizani, na mimi sikujipata.

Alfajiri moja nikaamshwa na kitu kinachokwaruza mkono. Ni ulimi wake. Alikuwa analamba pale palipokuwa na kidonda, na pale chini pamefunga, kovu jembamba linalong'aa. Nilichukua kibuyu nikakaa. Akaachia maziwa.

Uso wangu una mabaka hadi leo. Mwenye duka yupo, ameongeza chumba. Wifi nikimsalimia anaitikia akiangalia pembeni.

Wiki iliyopita binti yangu amekuja kutoka Katesh, anakofanya kazi ya kushona. Amependeza, majirani wamesema hivyo. Asubuhi akachukua kibuyu akamkamulie bibi yake maziwa ya uji. Yule mwekundu alishakufa, sasa tuna ndama wake aliyekua, amezaa juzi, mpole kabisa. Nikasikia kamba inakaza.

"Mama, huyu ana nini?" binti akauliza. "Ananikimbia."

Nilimvuta mpaka mlangoni penye mwanga, nikafungua kiganja chake, nikakigeuza. Vifundo vyote vilikuwa vyeusi.