Nilibadilisha sensor ya oil njiani Msimbati, fundi mwenzangu akiwa mama mkwe asiyeona

Wakuu, habari za wikiendi.

Naandika hii nikiwa barazani hapa Shangani, Mtwara, chai iko pembeni, na sina sababu ya kumdanganya mtu. Yote nitakayosema yananiaibisha mimi mwenyewe kuliko mtu mwingine, kwa hiyo mnaweza kuniamini.

Mimi ni mwalimu, mtu wa Mbeya. Mtwara nililetwa na ajira, nikaoa huku huku, binti wa Msimbati. Tuna mtoto mmoja, Neema. Gari langu ni kale kadogo ka Kijapani mnakokajua, nilikanunua kakiwa kameshapita kwa watu watatu.

Kabla sijafika kwenye injini lazima niwaeleze kuhusu mama mkwe, la sivyo hamtanielewa.

Mama ni Mmakonde wa zamani. Kwake, mkwe wa kiume anaheshimiwa kwa mbali. Hatupeani mikono, hatukai mkeka mmoja, hatutazamani usoni. Nikifika kwake nachuchumaa mlangoni, nasalimia nikiwa nimeinamisha kichwa, anaitikia huku ameangalia pembeni, basi. Akiwa na jambo na mimi anamwambia mtu mwingine ili nisikie.

"Neema, mwambie baba yako chakula tayari."

Na mimi nipo hapo hapo, hatua mbili.

Asipokuwepo mtu, anaambiwa hata kuku. Sitanii! Siku moja nilisikia kuku anaelezwa kwamba baba Neema amesahau kofia yake.

Miaka minane tumeishi hivyo. Kwa kweli nilishaamini kwamba ananivumilia tu, kwamba alitaka mkwe wa kwao, wa dini yake, siyo huyu mtu wa milimani aliyeletwa na serikali. Liliniuma sana. Lakini jambo kama hilo unamwambia nani?

Miaka miwili iliyopita macho yake yakaanza ukungu. Mtoto wa jicho, yote mawili. Ilifika mahali anatofautisha mchana na usiku tu, na kivuli cha mtu akisimama mlangoni. Bado alikuwa anapika, anafua, anabangua korosho zake, yote kwa kupapasa. Mke wangu akitoka kumsalimia alikuwa analia njia nzima.

Ndipo tukasikia madaktari wa macho wamekuja mjini kwa siku chache, wanafanya upasuaji. Siku ya mwisho kupokea wagonjwa ilikuwa Alhamisi, na mwisho saa sita mchana. Ukichelewa hapo, usubiri safari nyingine, na hakuna aliyejua hiyo safari nyingine ni lini.

Sasa turudi kwenye gari.

Wiki kama tatu kabla, ile taa nyekundu ya oil, yenye picha ya kibirika, ilianza kuwaka na kuzima. Fundi wa kwanza alisikiliza injini dakika moja, akatikisa kichwa. "Mwalimu, injini imechoka hii. Tafuta nyingine."

Nilirudi nyumbani nimenywea kama nimefiwa.

Nikampelekea mzee mmoja, fundi mtulivu asiyependa maneno mengi. Yeye akachomoa sensor ya presha ya oil, akafunga geji yake mahali pale, akawasha. Presha iko vizuri kabisa. Akarudishia sensor, akanionyesha inavyotokwa na jasho la oil. "Injini yako ni nzima. Anayekudanganya ni huyu mdogo."

Tukaagiza mpya Dar, ikafika Jumatano. Jumatano hiyo hiyo fundi akapata msiba Newala. Mungu ambariki, aliniachia spana ndefu ya soketi na mpini wake, akasema nikiweza nifunge mwenyewe, ni kazi ya dakika kumi, nikishindwa nimsubiri Jumamosi. Akanisisitiza nitembee na oil ya akiba.

Nikaweka vyote kwenye gari. Mimi na spana wapi na wapi? Nikasema Jumamosi.

Alhamisi saa kumi na mbili asubuhi nikaondoka kumfuata mama. Mke wangu alikuwa kazini zamu ya asubuhi. Mpango ulikuwa shemeji yangu Zuhura atusindikize, ndiye awe mdomo wetu njiani. Nafika, mtoto wa Zuhura ana homa kali. Hawezi kutoka.

Kwa hiyo tukawa wawili. Mimi mbele, mama kiti cha nyuma, kikapu chake mapajani. Hakuna mtu wa katikati.

Wakuu, ule ukimya sijawahi kuuona hata chumba cha mtihani.

Tulipoanza kukaribia kijiji cha Ziwani, taa ikawaka. Safari hii haikuzima.

Dereva yeyote anajua, taa ya oil ikiwaka unasimama, unazima injini hapo hapo. Na mimi nilijua. Lakini nikisimama itabidi nieleze, na nimweleze nani? Niongee na usukani? Nilimwonea haya mkwe wangu, nikaendelea kukanyaga mafuta huku taa imenitolea jicho. Mtu mwenye digrii kabisa!

Dakika chache tu, nikasikia sauti nyuma.

"Hivi wewe kikapu, husikii harufu ya kitu kinaungua?"

Nikasimama.

Nilipofungua boneti, moshi. Sensor ilikuwa imepasuka kabisa, oil inamwagika juu ya bomba la moto la ekzosi. Nikachomoa kijiti cha kupimia, oil imeshuka chini ya alama ya mwisho. Saa ilikuwa mbili na robo. Barabara kimya, pande zote mikorosho, mtandao unakuja na kuondoka.

Najua mtauliza kwa nini sikumpakia bodaboda. Ilipita moja, nikaisimamisha, nikamwomba kijana ampeleke mama taratibu. Mama akashika kikapu chake kwa mikono miwili.

"Mimi nimekuja na mkwe wangu. Nitakwenda na mkwe wangu."

Alikiambia kikapu, lakini sauti ilikuwa kubwa. Bodaboda akacheka, akaondoka. Mimi nilibaki pale barabarani nimekikodolea macho kikapu, maana katika miaka minane sikuwahi kumsikia akiniita mkwe wake.

Ikabidi nivue shati.

Nilisubiri injini ipoe kama nusu saa. Tatizo la kale kagari, sensor imejificha nyuma ya injini, chini kabisa. Huioni kwa juu, na kwa chini gari limelalia mchanga. Ni mkono tu unaopita. Na mkono wangu, niseme ukweli, ni mkono wa mtu anayekula vizuri. Niliusukuma hadi kiwiko, ukakwama. Nikauchomoa umechubuka, unatoka damu. Nikajaribu tena. Waya wa sensor una kifungo cha kubonyeza ndipo uachie, vidole vyangu vinakigusa kwa mbali tu, haviwezi kukibonyeza.

Saa nne ikapita. Nikapiga ngumi kwenye bodi ya gari, nikasema maneno ya Kinyakyusa ambayo mama yangu mzazi asingeyapenda.

Mlango wa nyuma ukafunguka.

Mama akashuka akipapasa ubavu wa gari hadi mbele. Akajifunga kanga kiunoni. Akasimama upande wa pili wa boneti, uso wake umeelekea kwangu.

"Baba Neema, hicho unachokitafuta kikoje?"

Hakukuwa na kikapu, hakukuwa na kuku. Aliniuliza mimi.

Nikamweleza: mama, kuna kitu kama kizibo kikubwa cha chuma, kichwani kina waya mmoja, na kwenye waya pana kifungo cha kubonyeza.

"Niongoze mkono."

Wakuu, nilisita. Kisha nikaushika mkono wa mama mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Mwembamba, mkavu, vidole vyeusi kwa utomvu wa maganda ya korosho. Nikaupitisha kati ya mabomba, akasema bismillahi, ukazama wote bila kukwama popote.

Alifumba macho. Sijui kwa nini, hakuwa anaona vyovyote vile.

"Hiki cha mviringo?"

"Hapana, hicho ni chujio cha oil. Shuka kidogo, kushoto."

"Hee. Nimekipata. Kina kijiulimi hapa."

"Hicho hicho mama! Bonyeza, halafu vuta."

Tak.

Waya ukatoka. Alicheka! Sikuwa najua kicheko chake kikoje, ni cha msichana.

Baada ya hapo tukafanya kazi. Yeye anaelekeza mdomo wa soketi kwa vidole, mimi nazungusha mpini kwa juu. Ya zamani ikalegea, akaitoa. Nikampa mpya. Nikamwambia aizungushe kwanza kwa vidole tu, taratibu, ikikataa asilazimishe, maana ikiingia upande tutaharibu mahali pake na safari imeishia hapo.

"Baba Neema, mimi nina miaka miwili natunga sindano bila macho. Tulia."

Nikatulia.

Akazungusha. Akarudisha nyuma kidogo, akaanza upya. "Sasa imekaa," akasema. Mimi nikakaza kwa mpini, siyo kwa nguvu nyingi, akachomeka waya, tak. Nikajaza oil ya akiba hadi alama ya juu, nikaingia kwenye usukani.

Nikawasha. Taa ikawaka, nikahesabu moyoni moja, mbili, ikazima.

Mama alikuwa amesimama nje, mikono imejaa oil, anasikiliza. "Imezima?"

"Imezima, mama."

"Alhamdulillahi."

Nikashuka, nikammwagia maji ya chupa mikononi. Tukawa tunasugua oil kwa mchanga, wote wawili tumechuchumaa kama watoto waliotoka kucheza. Ndipo akasema, taratibu, kwamba siku ya harusi yetu aliniona kwa pembeni tu, kwa heshima. Akadhani atanizoea pole pole, ataniangalia vizuri siku nyingine. Halafu macho yakaanza.

"Nikikaa nawaza, mwanangu anaishi na mtu ambaye sura yake siijui," akasema. "Hilo linaniuma kuliko giza lenyewe."

Nikaendelea kumsugua vidole.

Aliporudi kwenye gari alipapasa hadi mlango wa mbele, akaufungua, akakaa pembeni yangu. Kikapu akakitupa nyuma.

Tulifika saa sita kasoro dakika chache. Nesi wa mapokezi alituangalia, mimi na fulana nyeusi kwa oil, mama oil imempanda hadi kwapani. "Ninyi mmetoka kuchimba kisima?" Alitufokea kidogo, akampeleka mama kumwogesha mwenyewe kwa sabuni, akamwandikisha. Jicho moja kwanza, jioni ile ile wakamfanyia.

Kesho yake asubuhi wakamfungua bandeji. Mke wangu alikuwa mbele. Mama alimwangalia, akamshika mashavu, wakalia wote. Mimi nilikuwa nyuma mlangoni, nimechuchumaa, kichwa chini kama siku zote.

Nikasikia miguu inakuja.

"Baba Neema, inua uso."

Nikainua. Aliniangalia muda mrefu, jicho moja limefunguka, jekundu, linatoka machozi. Akanigusa juu ya sikio.

"Kumbe una mvi," akasema. "Umeota mvi kwangu, mwanangu, na mimi sijakuona."

Wakuu, mtu mzima nililia wodini mbele za watu, na sioni aibu.

Kwa wenye magari: taa ya oil ikiwaka simama, zima, pima oil, usione haya mbele ya abiria yeyote. Na kabla hujakubali kwamba injini imekufa, dai geji ifungwe, maana huenda ni sensor tu. Mimi ningeweza kuua injini nzima kwa sababu ya kukosa ujasiri wa kusema sentensi moja, na mama angebaki gizani.

Heshima bado ipo, hatujaifuta. Nikifika nachuchumaa vile vile. Ila anajibu akiniangalia, na jana alinipigia simu mwenyewe kuniuliza gari linaendeleaje.

Wenzangu mlioa kwenye familia za heshima kama hizi, ninyi mlivunjaje ukimya na wakwe zenu? Na mafundi mliomo humu, nikosoeni nilipokosea kwenye kufunga. Nasoma zote.