Mgeni Tuliyemnyima Ugali

Tulisikia jembe kabla ya kumwona mwenye jembe. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili bila kupumzika, bati likituziba masikio, lakini sauti ile ilipenya: ti, kimya kidogo, ti, kimya kidogo. Ilitoka juu ya nyumba, upande wa kilima.

"Nani analima kwenye mvua hii?" mama akauliza.

Wenye shamba lile sote tulikuwa jikoni: mama, baba mdogo na mimi, niliyekuwa likizo kutoka chuo. Bibi, mama yake baba mdogo, alikuwa chumbani. Alikuwa amevunjika nyonga wiki tatu kabla, na hakuweza hata kugeuka bila kushikwa.

Yeye ndiye aliyetufanya tubaki. Majirani wengi walikuwa wamekwishakimbilia shuleni, kwenye uwanja tambarare. Barabara ya Mbinga ilikuwa imekatika, bodaboda hazipiti, na kumbeba bibi kwa machela kwenye utelezi ule kulihitaji wanaume wanne. Tulikuwa na mmoja. Na kilima kilichokuwa juu yetu kilikuwa na ufa. Asubuhi baba mdogo alitia mkono ndani yake, ukazama mpaka kwenye kiwiko.

Sisi watu wa miteremko tunalima ngoro. Nyasi hufyekwa na kulazwa kama wavu, udongo hurundikwa juu yake, na katikati hubaki shimo linalokunywa mvua. Ukisimama ng'ambo unaona kilima kizima kimekuwa sega la nyuki. Lakini mwaka ule baba mdogo alichoka. Alisema ngoro ni kazi ya wazee, akapiga matuta yaliyonyooka kutoka juu hadi chini, na kweli yalipendeza kuyatazama. Jirani wa ng'ambo ya kijito akamwiga. Sasa kila tuta lilikuwa na mfereji wake, na kila mfereji ulielekea mlangoni.

Nilitoka nimejifunika mfuko wa mbolea. Juu nikamwona mwanamke wa umri wa mama, kitenge kiunoni, akibomoa matuta yetu na kuchimba ngoro.

"Shikamoo, mama!" nikamwita.

"Marahaba," akasema, wala hakuinua kichwa.

Sikuwahi kumwona, si Mkumbi, si Namswea, si sokoni Mbinga.

Baba mdogo alichukua panga. "Mtu haingii shamba la watu hivi hivi. Huyu ana lake jambo." Alipanda kwa hasira, akashuka polepole, ngumi moja ameifumba. Akaifungua mbele ya mama. Ulikuwa udongo mkavu, wa vumbi, kama wa Oktoba.

"Shemeji, mvua inammwagikia, na udongo unatoka hivi."

"Umemwuliza katumwa na nani?"

"Kamwulize wewe. Mimi nimesahau hata nilichofuata."

Mama akapuliza moto, akasonga ugali, akapasha maharage. Kwetu anayekulimia hula kwako, na akishakula jembe lake limelala. Hata ikibaki safu moja, hakuna anayerudi shambani akiwa na chakula cha mwenye shamba tumboni. Mama aliyajua hayo kuliko mimi. Alipakua, akafunika sahani kwa sahani, akakaa mbele yake kama anayelinda kuku.

"Nimpelekee?"

"Acha."

"Mama, amelima tangu asubuhi."

"Nimesema acha. Bado safu za juu, karibu na ufa."

Saa nane mchana kilima kikanguruma. Tope likashuka, likaingia shimo la kwanza, likajaa, likaingia la pili, la tatu, likatulia. Tulikuwa tumesimama uani, tumeshikana bila kujijua. Baba mdogo akacheka kicheko cha mtu mwenye homa.

"Asile," akasema. "Hata kesho asile."

Tuliporudi ndani bibi akaita kutoka chumbani. "Mwenye jembe amekula?"

"Amekula, mama," mama akajibu.

"Mbona bado namsikia?"

Mama akakoleza moto ambao haukuhitaji kuni.

Halafu debe likaanza kulia ng'ambo ya kijito. Jirani yule alikuwa akilipiga kwa nguvu, na tulijua sababu: mkewe alikuwa na mtoto wa siku kumi, na matuta yao yalikuwa sawa na yetu. Nilichungulia nje. Mwanamke alikuwa ameinuka. Alitazama kule, akapiga hatua moja kuelekea njiani, kisha mguu wake ukarudi kama uliovutwa kwa kamba. Akageuka, akautazama mlango wetu. Kisha akainama, akaendelea kulima.

Niliwaambia nilichoona. Mama akainuka na sahani. Baba mdogo akasimama mlangoni.

"Shemeji, wale wana miguu. Wakimbie."

"Kijito kimefurika. Wakimbilie wapi na kichanga?"

"Aliyelala humo ndani ni mama yangu!"

"Basi kama ni mama yako, nisikilize," bibi akasema kutoka chumbani. "Mtu hafungwi kwa njaa mlangoni kwangu. Mwiteni."

"Akila ataondoka, mama."

"Najua. Mwiteni kabla ugali haujawa jiwe."

Nikamwita. Aliingia na miguu yenye tope kama ya mtu yeyote. Alipopita kwenye mlango wa chumba, bibi, mzee kuliko wote bondeni kwetu, ambaye sikuwahi kumsikia akimwamkia mtu, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Umekua."

Nikamnawisha. Alikula kwa haraka ya njaa ya kweli, na aibu ikanishika. Mama hakuweza kumtazama.

"Nisamehe," mama akasema.

"Ugali umepoa," mgeni akajibu, "lakini maharage ni mazuri." Akanawa tena. "Safu mbili zimebaki juu."

Leo najua kwamba kilima kilishika. Najua mtoto wa ng'ambo anakwenda chekechea na begi kubwa kuliko mgongo wake, na kwamba bibi alikufa kiangazi kilichofuata, kwa uzee, kwenye kitanda kikavu. Jioni ile hatukujua lolote kati ya hayo. Tulijua safu mbili, na ufa, na mvua iliyokuwa haipungui.

Akachukua jembe lake. Baba mdogo alikuwa bado mlangoni. Alitazama chumbani alikolala mama yake, akamtazama mgeni, halafu akasogea. Mwanamke akainamisha kichwa kupita chini ya bati, akashika njia ya kijitoni bila kugeuka. Baridi ikaingia hadi kitandani kwa bibi, na mama akaufunga mlango nyuma yake kwa mikono miwili.