Mama Mkwe Alipokuja Kuomba Moto

Usiku ule nililala na kinyongo. Najua si vizuri, na mimi ndiye mwenyekiti wa jumuiya, ndiye ninayewahimiza wenzangu wasilale na kinyongo. Lakini nililala nacho, tukajifunika pamoja blanketi mbili, maana Juni huku kwetu Njombe baridi haimwonei mtu huruma.

Sababu ilikuwa wifi yangu Leokadia. Asubuhi ya siku hiyo jumuiya ilikuwa kwake. Sisi Wakatoliki wa mtaa mmoja, nyumba chache tu, hukutana kila Jumamosi nyumbani kwa mmoja wetu, tukasali rozari na kusoma Injili, na nyumba yenye mgonjwa hatuiruki. Leokadia ni mgonjwa. Alipigwa na kiharusi, mguu na mkono wa kushoto vikalala. Anaishi peke yake katika kijumba alichoachiwa na marehemu mama yake, ng'ambo ya mianzi yetu, karibu kiasi kwamba akikohoa namsikia. Tulikwenda, wenzangu wakakaa mkekani, mimi nikaongoza nimesimama. Huwa nasema mgongo unaniuma nikikaa chini. Tukasali, tukaimba, tukaacha sukari na sabuni, na jua halijapanda tukanyanyuka, kila mtu akiwaza viazi vyake shambani. Ndipo Leokadia akasema kutoka kitandani, mbele ya watu wote:

"Mnaondoka? Kumbe mlifuata moto."

Zamani mtu aliyezimikiwa na moto alikwenda kwa jirani na kigae cha chungu, akatiliwa makaa, akarudi mbio kabla hayajafa. Huyo hakaribishwi kiti. Ndiyo maana mgeni asiyetaka kukaa husemwa amefuata moto. Wanajumuiya walicheka. Mimi sikucheka. Nilitoka, nikapiga hatua kwa hasira mpaka nyumbani.

Maana Leokadia ndiye mtu wa mwisho wa kunifundisha kukaa. Mama yake, Bibi Emerita, mama mkwe wangu, aliugua mikononi mwangu mpaka akafa. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza usiku na mchana, na Leokadia wakati huo alikuwa mjini na mume wake, kabla hajawa mjane. Alikuja siku ya mazishi. Akasimama kando ya kaburi, padre yupo, waombolezaji wapo, akalia kwa sauti kwamba mama yake amekufa kwa kukosa wa kumwangalia. Hakuna aliyemjibu. Mume wangu, kaka yake wa tumbo moja, alikuwa anatazama viatu vyake. Tangu siku ile sijakaa nyumbani kwa Leokadia. Chakula simnyimi, mimi ni Mkristo; kila jioni namtuma binti yangu Fausta na sahani iliyofunikwa. Jumuiya naipeleka. Lakini kukaa, hapana.

Basi nikalala.

Naona jumuiya iko sebuleni kwangu. Wote wamevaa masweta, rozari mikononi, nami naongoza. Tuko tendo la tatu la rozari. Mlango unafunguka bila hodi na mama mkwe anaingia. Amevaa sweta lake la kijani lililobakiwa na kifungo kimoja, na kiunoni khanga ile tuliyomzika nayo. Hakuna anayeshtuka. Mimi peke yangu nakumbuka kwamba amekufa, na naona haya kusema, kwa sababu utamwambiaje mkwe wako mbele ya watu kwamba amekufa?

"Kamwene, mwanangu," ananisalimia. "Naomba moto."

Mkononi ana kigae.

"Mama, si unaona tunasali?"

"Naona. Salini tu. Nasubiri."

Anasimama katikati ya sebule, kimya, kigae amekishika kwa mikono miwili. Nani anaweza kusali hivyo? Naharakisha. Salamu Maria zinagongana mdomoni, naruka maneno, narudia, napotea, na wenzangu wananifuata bila kushangaa, wanapotea pamoja nami. Mwisho naweka rozari chini na kwenda jikoni kwa hasira. Jiko langu la gesi halipo. Kuna mafiga matatu na ukuta mweusi wa masizi, jiko lake la zamani, na moto umekolea. Namtilia makaa.

"Unampelekea nani?"

"Leokadia. Moto wake umezimika."

Anatoka. Nami narudi sebuleni, naanza tendo la tatu upya. Sijafika popote, mlango unafunguka.

"Yamezimika njiani," anasema, na ananionyesha. Kigae kimejaa majivu meupe.

Nampa mengine. Anakwenda, anarudi. Nampa mengine. Na kila anaporudi tendo la tatu linaanza upya, na wanajumuiya wanaitikia kwa sauti ileile, mpaka natamani kupiga kelele.

"Tembea haraka basi, mama!"

"Siyo mwendo," anasema. "Mikono yangu ni ya baridi. Wewe unaijua."

Naijua. Mimi ndiye niliyemwosha siku ile na kumvika rozari vidoleni.

Basi namwita Fausta. Nampa kigae, nakifunika kwa sahani ili upepo usiyaguse makaa, namwambia akimbie. Fausta anakimbia. Anarudi palepale, kama hakuvuka hata mianzi. Nafunua sahani. Majivu.

"Ugali nao hufika umepoa," anasema mama mkwe. Hasemi kwa ukali. Anasema tu.

Nataka kumjibu, lakini hatuko jikoni tena. Tuko makaburini, ukungu umeshuka, udongo ni mbichi. Jumuiya iko nyuma yangu inaimba. Mbele yangu amesimama Leokadia kwa miguu yake yote miwili, mzima, kitambaa cheusi kichwani, na mdomo wake unafunguka kusema yale maneno. Safari hii nimejiandaa. Jibu ninalo, nimelichonga miaka yote nikiwa shambani, nikiwa nafua, hata nikiwa nimepiga magoti kanisani, Mungu anisamehe. Nafungua mdomo. Sauti haitoki. Ulimi umekauka, na ladha ya majivu imejaa mpaka kooni. Leokadia anasema yote mpaka mwisho, watu wanasikia, na mimi nimesimama pale kama gogo.

Mama mkwe ameketi juu ya kifusi cha kaburi lake mwenyewe, kigae mapajani. Namgeukia, na kwake sauti inatoka.

"Ulisikia, mama? Ulisikia alivyosema? Hapa hapa, juu ya jeneza lako!"

"Sikusikia. Nilikuwa nimeshakufa. Hayo mliachiana ninyi."

Nilie au nicheke? Nalia. Nalia kwa hasira kama mtoto aliyenyang'anywa kitu chake.

"Na mbona unanitokea mimi? Mimi nilizaliwa na wewe? Mwanao si yule, nalala naye kitanda kimoja! Mtokee yeye!"

Kitanda chetu kipo pale kando ya kaburi, na Baba Fausta amelala ameelekea ukutani, anakoroma. Mama mkwe anamtazama mwanawe kwa muda mrefu.

"Huyu hata nilipokuwa hai hakunisikia," anasema.

"Basi waambie hawa. Jumuiya nzima hii hapa."

Anawasikiliza kidogo, kichwa amekiinamisha.

"Wanaimba vizuri," anasema.

Na wimbo unafifia, na ukungu unakuwa moshi, na tuko chumbani mwake. Kitanda chake kilekile. Amelala chali, mdogo chini ya blanketi, kama siku zile za mwisho. Na kando ya kitanda kipo kigoda, kile chenye mguu mmoja uliolegea, ambacho usipojua namna yake kinakumwaga chini. Kigoda ni kitupu. Nasimama. Sitaki kukaa.

"Nimechoka, mama," namwambia. Sikupanga kusema. "Nimechoka na kanisa. Nimechoka na ukoo wenu. Nasafisha, napika, naongoza, natembelea, na anayeniona ni nani? Nimechoka kuwa mwema peke yangu."

Sijawahi kumwambia mtu maneno hayo, hata kwenye kitubio. Nangoja anikaripie. Hanikaripii. Anatoa mkono chini ya blanketi, ule mkono wa baridi, anauweka juu ya wangu.

"Leokadia hakuona," anasema. "Mimi niliona. Wewe ulikaa."

Nilikuwa nimelitafuta neno hilo kwa miaka. Nililitaka kwa mume wangu, nililitaka kwa padre, na zaidi ya wote nililitaka kwa Leokadia. Sasa limekuja, na moyo wangu unalifungukia kwa furaha, nataka kumwambia arudie, aseme tena mbele ya watu. Naye ananinyooshea kigae kwa mkono mwingine.

"Ndiyo maana nimekuja kwako."

Mama wakwe ndivyo walivyo. Hata sifa wakikupa, wameifungia kazi ndani yake.

Niliamka. Jogoo alikuwa anawika na rozari ilikuwa imenichoma mbavuni. Hasira zangu zote zilikuwapo, hakuna hata moja iliyopungua, na sasa nilikuwa na nyingine mpya, ya kutumwa na marehemu siku ya Jumapili. Na Jumapili yenyewe ilikuwa zamu ya jumuiya yetu kufanya usafi wa kanisa kabla ya misa ya kwanza. Mwenyekiti asipoonekana, watu watasema.

Nilimtikisa mume wangu.

"Mama yako alikuja usingizini."

"Kasema nini?"

"Kasema husikii."

"Nani?" akasema, akageukia ukutani.

Nililala pale kidogo nikibishana na Mungu. Nilimwambia nitakwenda jioni, baada ya misa, nikiwa na nafasi. Nilimwambia nimeshamwombea Leokadia rozari nzima jana tu. Mungu hakusema kitu, na ng'ambo ya mianzi nikasikia kikohozi. Nikashusha miguu sakafuni, nikilaani baridi. Nikampigia simu katibu wa jumuiya, nikamwambia leo mtaanza bila mimi.

"Unaumwa, Mama Fausta?"

"Ndiyo," nikasema, na sikuona kama nimedanganya.

Nyuma ya nyumba nina jiko la kuni, na chini ya majivu makaa ya jana yalikuwa hai bado. Kigae nilikipata kwenye banda, kuku wanakinywea maji. Nikamwaga maji, nikakikausha kwa upindo wa kitenge, nikatia makaa. Nikapita kwenye mianzi, umande umeganda kwenye majani, nikiyapuliza makaa na kunung'unika, nikiyapuliza na kunung'unika. Yalifika mekundu.

"Nani?" Leokadia aliuliza kutoka gizani.

"Mimi."

"Leo si Jumamosi."

"Najua leo siku gani, wifi."

Mafiga yake yalikuwa ya baridi kabisa. Niliweka makaa, nikapanga vijiti, nikainama kupuliza mpaka macho yakanitoka machozi. Moto uliposhika, chumba kikaonekana: kitanda, mkeka umekunjwa, na pembeni beseni limewekwa juu ya kigoda. Kigoda kilekile. Alikirithi pamoja na nyumba, na Jumamosi zote nilizosimama humo ndani sikuwahi kukitazama. Nikaondoa beseni.

"Hicho hakikaliki," Leokadia alisema haraka. "Kila anayekikalia kinamwangusha. Fausta juzi kidogo avunjike."

Niligeuza mguu mbovu ukaelekea ukutani, nikakisukuma kiegemee, nikakaa. Hakikutikisika. Leokadia alikitazama kigoda, akanitazama mimi, akakitazama tena kigoda.

"Nani alikuonyesha?"

"Mama yako. Nilikikalia mpaka alipokufa."

Nilikuwa na mengine ya kusema. Nilikuwa na lile jibu langu zima, nililolichonga, na sasa sauti ilikuwapo na aliyetakiwa kulisikia alikuwa mbele yangu, hawezi hata kukimbia. Nikalitafuta, nikaona limekwisha. Yote yalikuwa katika sentensi ile moja, na nilishaisema.

Leokadia hakuomba radhi. Alikuwa anatazama mguu ule mbovu wa kigoda ulivyoegemea ukuta, na pale ukutani, kwenye udongo, palikuwa na kishimo kilichochimbwa na mguu huo kwa kukaliwa siku nyingi. Nadhani alikuwa hajawahi kukiona. Midomo yake ilitetemeka upande ule mmoja unaoweza.

"Mguu wako una baridi?" nikamwuliza, na sauti yangu haikuwa tamu.

"Hausikii."

Nikauvuta nikauweka mapajani kwangu, upande wa moto, nikaanza kuusugua. Kengele ya misa ya kwanza ikalia kanisani. Leokadia aligeuza macho kunitazama, anangoja ninyanyuke.

Sikunyanyuka.