Nakala ya Shamba la Rongai

Mume wangu aliacha picha moja tu ya rangi aliyomaliza kuichora: shamba la kwao Rongai, mahindi yamekauka yakingoja kuvunwa. Baada ya mazishi mama yake aliiomba. Sikukataa, lakini pia sikuipeleka. Nilisema wiki ijayo, na wiki zikapita.

Mwishowe nikaibeba hadi kwa msichana mmoja mjini Nakuru anayechapisha nakala za picha za wasanii. Nilitaka mama apate nakala, mimi nibaki na ile halisi.

Aliipiga picha kipande kwa kipande, akachapisha sehemu ndogo ya majaribio kwenye karatasi nzito ya pamba, akaitoa mlangoni penye jua na kuiweka kando ya ile aliyochora mume wangu. Anga ya nakala ilikuwa buluu mno. Akasema kompyuta hudanganya, jua halidanganyi, akarudi kurekebisha. Alirudia hivyo mara nyingi, nami nimekaa kwenye benchi, nimechoka hata kupokea simu.

Kisha, akiniita mama kwa lugha ya vijana, akaniuliza, "Mathe, huu weusi wa juu ni rangi ama ni moshi? Naweza kuutoa."

Ulikuwa moshi wa jiko letu, tangu tulipoishi chumba kimoja. Nikamwambia auache.

Nakala ilipokamilika nilisimama mbali kidogo nikashindwa kuitofautisha na ile halisi. Nilipata nafuu ambayo sikuwa nimeipata tangu tumzike.

Nilizipeleka zote mbili Rongai, kwa sababu kumdanganya mama sikuweza. Nilimweleza ipi ni ipi, nikamwomba achukue ya karatasi. Macho yake yana mtoto wa jicho, kwa hivyo hakujisumbua kuangalia. Alipitisha vidole juu ya nakala, vikateleza. Akavipitisha juu ya ile nyingine polepole, akitua kwenye mabua, mahali rangi ni nene.

"Hapa alikuwa na haraka," akasema. "Hata akipalilia alikuwa hivi hivi."

Kisha akaisukuma nakala upande wangu.

"Hiyo ya karatasi ni ya mtu anayeona, mwanangu. Wewe unaona."

Nilipigilia msumari mwenyewe karibu na kitanda chake, nikaitundika ile halisi chini, mkono wake uifikie akiwa amelala. Kisha nikabeba nakala nikarudi Nakuru.

Nimeitundika sebuleni. Wageni huisifu, wengine huuliza kama ndiyo ile aliyochora kwa mkono wake. Nawaambia hapana.