Ndege Haisitiriwi

Siku ya kwanza kazini sikugusa ndege. Nilipewa ndoo, sabuni na matambara, nikaambiwa nisugue sakafu ya hanga, banda la kutengenezea ndege, mpaka tone jipya la oili likidondoka lionekane. Nilisugua kwa hofu, nikarudia hata palipokwisha takata. Mzee Mfaume, fundi mkuu wa injini, akapita akasema, "Binti, sakafu imeshatubu. Iache." Nilianza kumpenda hapo hapo.

Kumbukumbu kama hizi huandikwa na waliostaafu. Mie bado nipo kazini, ila Mzee Mfaume amestaafu na si mtu wa kalamu, basi nawaandikia nyie mnaoanza ufundi huu. Sikusoma chuo. Nilianza kwa kutengeneza bodaboda za majirani zetu Tandika, nikajifunza ndege kwa vitabu chakavu vya matengenezo, kisha nikafanya mitihani ya leseni. Mtu aliyejifundisha mwenyewe haamini kwamba anajua. Hadi leo nikikaza nati narudi kuiangalia, na wenzangu hunitania kwamba siku ya harusi nitamkagua bwana harusi kwa tochi.

Kampuni yetu ilikuwa ndogo, yenye ndege za injini moja zinazopeleka abiria visiwani. Injini moja ikizima juu ya maji, hakuna ya akiba. Kwa hiyo kila kazi nzito ilikuwa na watu wawili: mmoja anatengeneza, mwingine, tuliyemwita jicho la pili, anakagua kabla injini haijawashwa. Mzee Mfaume aliongeza sharti lake: kifaa kilichotolewa kisitupwe mpaka jicho la pili likione. Alikuwa akisema kwamba kifaa kipya hakina maneno, cha zamani ndicho kinachosimulia.

Nilipopata leseni, Mkuu wa Karakana, mama mkali mwenye sauti ndogo, aliniweka kuwa jicho la pili la mzee. Mzee alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Nilimwona akisogeza vitu karibu na uso, nikajiambia ni uzee tu.

Siku moja alibadilisha filta ya oili, lile kopo linalochuja uchafu wa oili ya injini. Mdomoni lina duara la mpira la kuzuia kuvuja. Akamaliza, akaenda kuswali adhuhuri. Nikachukua filta ya zamani kwenye trei, nikaona mdomo wake mtupu. Kama mpira haukuwa pale, basi ulikuwa umeganda kwenye injini, na mpya ulikuwa umekaa juu yake. Ukitazama kwa nje hutaona kitu. Hata injini ikiwashwa ndege ikiwa chini, huenda isivuje. Huko hewani, msukumo wa oili ukipanda, mpira huchomoka na oili yote humwagika.

Kwa utaratibu wetu kosa kama hilo huripotiwa, na fundi husimamishwa kusaini kazi mpaka achunguzwe. Nikawaza mzee akiondoka kazini na doa, baada ya maisha yote. Nikachukua spana. Nilitaka nifungue, nibandue mpira wa zamani na nifunge upya kabla hajarudi. Alinikuta mikono ikiwa ndani ya injini.

"Unakaza nini, mwanangu?"

Nikatoa mikono nje. Akaichukua filta kwenye trei, akapitisha kidole gumba mdomoni mwake, maana macho hayakumsaidia.

"Ulitaka kunisitiri."

"Ndiyo, mzee. Umebakiza kidogo tu."

"Mie nitasitiriwa siku ya sanda. Ndege haisitiriwi. Leo umeona wewe, na siku ukiumwa?"

Akaniambia niweke spana chini, akaenda mwenyewe ofisini, nami nikamfuata. Alieleza kosa lake na hali ya macho yake, langu hakulitaja. Mkuu alimuuliza macho yana ukungu tangu lini. Mzee akasema tangu kabla ya Ramadhani, na kwamba alinyamaza kwa kuogopa kuonewa huruma. Nikashindwa kuvumilia, nikasema habari ya spana. Mkuu hakupandisha sauti.

"Fundi akikosea, upo wewe. Wewe ukifumba jicho, yupo nani?"

Aliniondoa kwenye ukaguzi kwa wiki nyingi. Nililia chooni, na bado nadhani alinitendea haki. Mzee alipelekwa hospitali, ikaonekana ni mtoto wa jicho. Alifanyiwa upasuaji, lakini hakusaini tena kazi yoyote. Miezi iliyobaki alikaa akitufundisha, na sikumwona hata siku moja akiinamisha kichwa.

Nimefikiri sana juu ya upendo katika kazi hii. Nilidhani kumpenda mtu ni kuziba kosa lake kabla halijaonekana. Siku hizi nikiona kosa la mwenzangu namwita alione mwenyewe, kisha tunakwenda wote kusema, hata nikiogopa.

Siku ya kumuaga mzee, Mkuu alimpa zawadi ya kiti kwenye safari ya kisiwani. Ndege ilikuwa imetoka matengenezoni, nami nilikuwa nimesharudishwa kwenye ukaguzi. Mzee akasimama mlangoni, mguu mmoja bado chini, akaniuliza nani alikuwa jicho la pili.

"Mie," nikasema.

"Kuna uliyemsitiri?"

"Hakuna, mzee."

Akapanda. Rubani alituambia baadaye kwamba mzee alilala kabla ndege haijaacha ardhi.