Kasa Aliyeingia Chuoni kwa Gari la Punda

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Nasema hivyo na akili zangu timamu, wala sijisifu, ingawa nikijisifu nina haki. Nilizaliwa Chula, kisiwa cha Wabajuni kusini mwa Kismayo. Skuli nilisoma miaka miwili, vita vikatukuta. Nimelala kwenye hema kambini Kenya, nimebeba magunia Mombasa, nikarudi Kismayo na ndoo moja ya barafu yenye kamba wakubwa saba ndani. Leo mashine ya barafu ni yangu, mashua mbili ni zangu, na hoteli ikitaka kamba wa kuweka mbele ya mtu mzito, simu inayolia ni yangu. Nani alinifundisha? Hapana mchu, kwa Kibajuni chetu, hapana mtu.

Kwa hiyo binti yangu alipoingia chuo kikuu kusoma biashara, sikuona ajabu. Nililipa ada, nikamnunulia mkoba, nikamwambia: soma. Mwaka wa tatu ndipo nikaanza kuona mambo. Masomo yakiisha harudi nyumbani. Siku za mapumziko anatoka asubuhi, anarudi na matope hadi magotini.

"Wiki ya nne hii huonekani," nilimwambia siku moja tukinywa chai. "Unakwenda wapi?"

"Klabuni, baba."

Nikaweka kikombe chini. "Klabu gani?"

"Ya wanafunzi, ya chuo. Klabu ya pwani. Tunasafisha ufuo, tunatoa nyavu zilizonasa kwenye miamba, tunapanda mikoko."

"Wewe unasoma biashara. Biashara na mikoko wapi na wapi?"

"Masomo ni masomo, klabu ni klabu. Kila mwanafunzi ana yake. Wengine wana mpira, wengine wanashindana kwa hoja, wengine wanakwenda kufundisha watoto kambini."

"Mimi nimelipa usome. Kama ni kuokota chupa za plastiki, ziko hapa uani, ungeziokota bure na mama yako akakuombea dua."

Mama yake akacheka huko jikoni. Binti hakucheka.

"Baba, klabuni tuko ishirini na wawili. Wenzangu wote wametoka bara, watu wa ngamia. Wa visiwani ni mimi tu. Darasani nikinyoosha mkono hakuna anayegeuka. Klabuni mtu akiuliza maji yatajaa saa ngapi, wote wananigeukia mimi."

Nikajifanya nampigia simu mtu wa barafu.

Akaja tena baada ya siku chache, amekaa vizuri, mikono mapajani, kama mtu aliyeleta posa. Chuo kiliwapa mwaka mmoja wa majaribio, na mwaka umekwisha. Alhamisi wageni wanakuja: mkuu wa wanafunzi, wakubwa wawili wa mji, na mwalimu wa mambo ya samaki kutoka Mogadishu. Wakiridhika, klabu itapata barua yake, chumba, na ruhusa ya kuendelea. Wasiporidhika, inafungwa siku hiyo hiyo, na kila mtu arudi kwenye madaftari yake. Yeye ndiye mwenyekiti. Anayezungumza mbele ya wageni ni yeye.

"Na ninaomba uje, baba. Useme maneno mawili kama mtu wa bahari."

"Wageni wangapi?" niliuliza.

"Wanne. Lakini sikiliza kwanza nikwambie tutaonyesha nini..."

Sikusikiliza. Naandika hapa ukweli. Aliponiambia wageni, kichwa changu kilikwisha kutoka chumbani kikaenda jikoni.

Lazima nieleze, maana asiyezaliwa kwetu hawezi kuelewa. Kule Chula samaki ni chakula cha kila siku, mtu hamwekei mgeni. Kuku ni wa jirani. Mbuzi ni kitu cha mjini, mwenye pesa yeyote anamnunua. Mgeni mwenye uzito hukaribishwa kwa kasa. Baba yangu alipomwoza dada yangu mkubwa alitoka baharini siku tatu hadi akampata, na watu wa kisiwa cha Kudha waliokuja harusini walizungumzia sinia lile mpaka dada akapata wajukuu. Kwetu kumkaribisha mtu kwa kasa ni kumwambia: wewe tumekupa bahari nzima.

Nikajiambia binti yangu hatasimama mbele ya wakubwa na biskuti na soda za moto. Nikampigia simu binamu yangu aliyeko kisiwa cha Ngumi.

"Nataka kasa. Mzima, mkubwa, hai."

"Kuna harusi?"

"Kuna kubwa kuliko harusi."

"Wallahi siku hizi ni shida, walaalo, ndugu yangu. Watu wanakataza."

"Wanawakataza wenye njaa. Mimi nalipa."

Kasa akaja Jumatano kwa mashua, amelazwa chali, mapezi yamefungwa, macho yanatoka machozi kama kawaida yao. Nikamwagia maji, nikamfunika gunia bichi. Sikumwambia mtu nyumbani. Nilitaka binti yangu aone baba yake ni nani.

Alhamisi nilivaa kikoi kipya na kofia ya kutoka Lamu. Bajaji ilikataa kumbeba, nikakodi gari la punda la mzee mmoja wa sokoni, mtu wa maneno machache. Pale langoni mwa chuo askari akazunguka gari letu, akachungulia chini kwa kile kioo chake cha mti mrefu cha kutafutia mabomu, chini ya gari la punda! Kisha akafunua gunia.

"Waryaa! Huyu naye amejiandikisha kusoma?"

"Amekuja kwa wageni wa chuo," nilisema. "Mimi ni mzazi wa mwenyekiti."

Aliposikia mwenyekiti alifungua.

Basi tukaingia. Chini ya turubai walikaa wageni wanne mstari wa mbele, na nyuma yao wanafunzi, labda mia. Binti yangu amesimama, anaongea Kisomali kizuri kuliko changu, sauti imetulia, mkono unaonyesha ubao. Nilijaa kifua. Nikamwashiria mzee apeleke punda mpaka mbele.

Ubaoni kulikuwa na maandishi mengi, nayo sikuyasoma. Lakini katikati palibandikwa picha kubwa kama mlango, na picha haitaki skuli. Ilikuwa kasa. Kasa anaogelea, na juu yake mkono mkubwa umechorwa kwa rangi nyekundu, ule mkono wa kusema acha.

Gari lilikwisha kufika. Punda akasimama. Gunia likaanguka lenyewe.

Kijana mmoja wa nyuma akapaza sauti: "Bajuni ameleta chakula cha mchana!" Wakacheka. Mwingine: "Adeer," yaani ami, "na pilipili umeleta?" Kicheko kikapita turubai zima. Wanafunzi wa klabu hawakucheka. Walikuwa wamesimama pembeni na fulana zao za buluu, na wasichana wawili wakamtazama binti yangu kama watu wanaomtazama mfiwa.

Mkuu wa wanafunzi akavua miwani. "Mwenyekiti," alisema, "mtu huyu ni nani?"

Mimi nimepita penye risasi. Nimekaa siku mbili baharini bila maji ya kunywa. Lakini sijui kama nimewahi kungoja neno la mtu kama nilivyongoja lile. Angeweza kusema ni mvuvi tu. Angeweza kusema simjui. Hakuna ambaye angemlaumu, na mimi mwenyewe ningegeuza punda nikatoka bila kufungua mdomo.

"Ni baba yangu," alisema. "Ametoka Chula. Nilimwalika mimi."

Kisha akashuka, akaja hadi kwenye gari, akainama kwa kasa, akaniuliza kwa lugha ya nyumbani, polepole:

"Ana jeraha?"

"Hana hata mkwaruzo. Binamu yangu wa Ngumi amemshika kwa chazo."

Akaniangalia. Uso wake ulikuwa mwekundu, lakini jicho lilibadilika, ninalijua jicho lile, ni la kwangu mimi nikisikia bei nzuri.

"Panda pale mbele, baba. Waambie chazo ni nini."

"Mwanangu, nimeharibu..."

"Ndiyo, umeharibu. Panda uwaambie."

Nikapanda. Nilikuwa nimetayarisha maneno mawili ya kujisifu, yakapotea yote. Nikawaambia tu kitu ninachokijua. Kwamba kuna samaki mrefu ana kitu kama soli ya kiatu juu ya kichwa, akigusa kitu hukiganda. Kwamba sisi humfuga kwenye maji machache, tunamlisha, tunamjua mmoja mmoja kama mtu anavyojua mbuzi wake. Tukienda baharini tunamfunga uzi mkiani, tukimwona kasa tunamwachia, anakwenda mwenyewe, anamganda gambani, nasi tunavuta taratibu. Hakuna mkuki, hakuna ndoana, hakuna damu. Baba yangu alinifundisha nikiwa sijaota jino la pili, na baba yake alimfundisha yeye.

Yule mwalimu wa Mogadishu, mtu mwembamba mwenye ndevu chache, alikuwa amesimama bila kujua amesimama.

"Adeer, mnaweza kumshika, mkampima, mkamwachia tena?"

"Kumwachia?" Nikafikiri. "Hatujawahi kumwachia. Lakini kwa chazo, ndiyo, anaweza kuondoka kama alivyokuja."

"Na ungeweza kuwaonyesha hawa?"

Nikawatazama wale wenye fulana za buluu. Watoto wa ngamia, mikono laini, wengine hawajui hata kupiga kafi. Yule aliyepiga kelele za chakula cha mchana alikuwa amesogea mbele, shingo ndefu, anataka kuona.

"Nitawaonyesha," nilisema. "Nikianza na wewe mwenye pilipili."

"Si mimi, adeer! Mimi nilisema chakula tu!" Wakacheka tena, ila safari hii kicheko kilikuwa cha watu waliokaa pamoja.

Walimpima pale pale, binti yangu ameshika kamba ya kupimia, mwenzake anaandika. Kisha tukaenda ufuoni, si mbali na chuo, wageni nao wakafuata na viatu vyao mikononi. Niliwaonyesha jinsi ya kumbeba, mkono chini ya gamba, kidole kisipite karibu na mdomo. Nilikata kamba za mapezi kwa kisu kile kile nilichokuja nacho kwa kazi nyingine. Kasa aligusa maji, akakaa kidogo kama anayefikiri, akaenda.

Nimeua kasa wengi katika maisha yangu na sijuti, walitulisha. Lakini nilikuwa sijawahi kumwona kasa akienda zake kwa ruhusa yangu. Nikainama kukunja kikoi, mtu asione uso.

Mkuu wa wanafunzi alikuwa nyuma yetu. Alisema klabu ameiona, ni nzuri, lakini hawezi kuiwekea sahihi hivi hivi. Wazazi wa bara wanaogopa bahari. Wakisikia watoto wao wanapanda mashua watamjia yeye. Sahihi ataiweka kama kuna mtu mzima wa bahari atakayekwenda nao kila safari, na mashua ya kuaminika, na jaketi za kuelea.

Hakuna aliyetaja jina la mtu. Binti yangu hakunitazama hata kidogo, alikuwa anatazama mbali kama mtu asiye na haja. Huo ni ujanja wangu mimi, wa sokoni, sijui alijifunza lini.

"Mashua ninazo mbili," nilisema.

Barua iliwekwa sahihi ufuoni, juu ya mgongo wa mwalimu wa Mogadishu. Wanafunzi wakapiga vigelegele na makofi. Binti yangu akaja kusimama karibu nami, bega kwa bega, hakusema ahsante, nami sikusema samahani. Alisema: "Ungesikiliza siku ile ningekwambia."

"Ningesikiliza," nilimwambia, "leo ungekuwa na picha ubaoni na biskuti."

"Na wageni wangekula biskuti."

Hilo lilikuwa kweli. Saa saba imekwisha kupita, wageni wanne na klabu nzima wana njaa, na chakula chao kimeondoka kwa miguu yake, au mapezi. Nikapiga simu hotelini, walete masinia ya wali na mbuzi, yule yule mbuzi wa mjini. Wakala mpaka wakalamba vidole, na yule niliyemwita mwenye pilipili alikula kuliko wote.

Sasa kila wiki ya pili nakwenda nao baharini. Kisiwani kwa binamu yangu tuna chazo wetu watatu, klabu imewapa majina ya walimu. Mwenye kuniuliza kama klabu za wanafunzi zina faida namjibu sijui, mimi sikusoma. Najua gharama yake tu: kasa na mashua iliyomleta, wali na mbuzi, jaketi kumi na mbili, petroli ya safari ya kwanza, na gari la punda ambalo mzee alinidai hata nauli ya kurudi, kwa kuwa alirudi mtupu. Jumla dola mia nne thelathini na tatu.